Birika la Mama Masjala

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi amesimama katikati ya chumba cha mitambo, mikono kiunoni, akitazamana na birika la umeme. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika moja asubuhi. Nje, hospitali nzima ilikuwa ikipiga kelele kwamba skrini zimezima tena.

Na birika lilikuwa pale pale kwenye rafu alipoliweka Jumanne. Baridi, waya umeviringwa, mlango umefungwa kwa ufunguo ambao Fundi analala nao.

Wasomaji wawili mmeniandikia kwamba birika hilo lina jini. Mmoja ameapa kabisa. Tulieni. Jini tutamkamata leo leo, na anakokaa mtashangaa.

Kwa mgeni aliyeingia leo, asogee karibu nimpe habari. Fundi ni binti wa kompyuta katika hospitali yetu ndogo, mwezi wa tatu huu kazini. Amechumbiwa na kijana anayepiga picha za mifupa, ambaye wenzake humwita Eksirei. Mama yake Eksirei ndiye Mama Masjala, mkuu wa ofisi ya majalada, mwenye miaka thelathini pale dirishani.

Jumanne saa mbili asubuhi skrini zote zilizima kwa dakika sita. Saa hiyo hiyo, kila siku ya Mungu, Mama Masjala huchomeka birika lake la chai. Fundi hakuuliza mara mbili. Aliingia masjala mbele ya wafanyakazi wote, akalichomoa birika la mama mkwe mtarajiwa, akaondoka nalo kwapani kama askari aliyekamata magendo.

Mama Masjala alisema neno moja tu. “Aliyeniaibisha kwa birika, Jumapili asije kwangu.”

Na Jumapili ndiyo siku familia mbili zinakutana kupanga harusi.

Jumatano kukawa kimya. Alhamisi kimya. Watu wakampongeza Fundi kwenye korido: kumbe kweli lilikuwa birika! Mama Masjala akapita ukutani asimwamkie mtu.

Sasa ni Ijumaa, birika liko kifungoni, na skrini zimezima.

“Kama wewe uko hapa,” Fundi aliliuliza, “nani kazima?”

Simu yake ikaita. Eksirei.

“Mpenzi, huku hali mbaya. Namba za foleni zimeanza upya kutoka moja. Kuna watu watatu kila mmoja ni namba moja.”

“Wanafanya nini?”

“Wawili wanagombana. Wa tatu ana mguu wa plasta, anawatisha kwa fimbo.”

“Nipe dakika kumi.”

“Waombe wao. Mimi nina subira.”

Fundi akavuta kiti, akafungua kumbukumbu za seva. Seva, ile kompyuta kuu inayolisha nyingine zote, ndugu zangu, haina aibu. Huandika kila ilichofanya, saa iliyokifanya na aliyeituma. Fundi alisoma mstari wa mwisho, akafikicha macho, akausoma tena. Mtambo hauandiki Kiswahili, kwa hiyo nawatafsiria: *08:00. Viraka vya usalama vimeshonwa. Najiwasha upya kama nilivyoamriwa.*

Akapanda juu mpaka Jumanne. Maneno yale yale. Saa ile ile.

Ameiamuru nani? Akalifungua faili la amri. Jina lililokuwa pale lilikuwa lake mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nivumilieni kidogo hapa, maana bila hili hamtaelewa yatakayofuata. Seva ile inaendeshwa na programu iitwayo Linux, na hakuna mtambo duniani usio na matundu ya wezi kuingilia. Kila wiki hugunduliwa tundu jipya, na waliotengeneza programu hutoa kiraka cha kuliziba. Zamani Mzee Koleo, fundi aliyestaafu, alikuwa akishona viraka kwa mkono, siku akikumbuka. Fundi alipofika alikuta viraka mia mbili na kumi vinasubiri. Mtu yeyote mwenye nia mbaya angeweza kuingia na kusoma kila ugonjwa wa kila mtu mjini.

Basi Jumatatu Fundi akaifundisha seva ijishonee yenyewe, kila siku, bila kumsubiri mtu. Viraka vya usalama tu. Programu ya maabara isiguswe, maana ile ni kongwe na ina hasira. Na kiraka kikigusa kiini cha mtambo, basi seva ijiwashe upya kwa saa iliyopangwa, wagonjwa wakiwa wamelala. Siku ambayo kiini hakikuguswa, isijiwashe.

Hiyo ndiyo siri ya Jumatano na Alhamisi. Kiini hakikuguswa. Birika la watu halikuwa na kosa lolote.

Na hiyo saa iliyopangwa? Fundi alikuwa ameinakili kutoka kwenye daftari la Mzee Koleo, lenye jalada la kijani na madoa ya chai. Mstari ulisema: *Kuwasha upya, 8:00*. Naye Jumatatu ile kichwa chake kilikuwa harusini, Eksirei ametoka tu kumpa habari za Jumapili. Akajiambia fundi mwenzake ameandika kwa saa za mtambo. Akabonyeza 08:00, akahamia mstari mwingine, akapiga mluzi.

Mzee Koleo hajawahi kusema saa za mtambo maishani mwake. Nane yake ilikuwa saa nane, ile ya usiku, ambayo mtambo huiita 02:00. Ile 08:00 ya mtambo, mtoto yeyote wa darasa la pili atakwambia, ni saa mbili asubuhi. Foleni ikiwa mpaka getini.

“Mungu wangu,” Fundi alinong'ona. “Nimemvua mama wa watu nguo kwa kosa langu.”

Mtauliza, hakupata ripoti? Aliiamuru seva imwandikie barua pepe kila ikimaliza kazi. Anwani nayo aliinakili kutoka daftarini. Ilikuwa ya Mzee Koleo, ambaye barua pepe hajafungua tangu astaafu.

Akaifuta ile 08:00 na kuandika 02:00. Akaiweka anwani yake. Akaiambia seva ifanye zoezi bila kugusa kitu, aone ingefanya nini. Seva ikafanya, mistari ikapita vizuri, hakuna kosa.

Sasa kila kitu kimekaa sawa. Na hakuna anayejua.

Msomaji, hapo ndipo penye kazi. Fundi aliegemea kiti, akalitazama birika, na sauti ndogo ikamwambia: nyamaza. Mtambo hautazima tena asubuhi. Watu watasahau. Jumapili utapiga magoti kwa mama mkwe, utaomba radhi ya jumla jumla, yataisha. Kwani ukisema utapata nini? Unga utamwagika, na mama huyo atakuwa na sababu ya kukuchukia mpaka wajukuu.

Alikaa na sauti hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuwaambia. Ilikaribia saa nne na nusu mlango ulipogongwa.

Ni Eksirei. Uso umemshuka.

“Njoo masjala. Daktari Mkuu amefanya msako. Amekuta birika la pili.”

“La pili?”

“Jekundu. Mama ameazima kwa dobi, akalificha kwenye kabati la majalada ya waliohama.” Akakwepa kumtazama. “Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, mpenzi. Ni mama yangu. Sikutaka kuamini.”

Fundi akanyanyuka, akachukua daftari la kijani, kisha akarudi hatua mbili na kulichukua birika.

“Hilo la nini?” Eksirei aliuliza.

“Twende.”

Masjala ilikuwa imejaa. Manesi, watu wa dirisha la dawa, hata yule mwenye mguu wa plasta alikuwa amechungulia. Daktari Mkuu, mtu mrefu mwenye haraka, alisimama mbele ya meza, birika jekundu mkononi. Mama Masjala alikaa wima kwenye kiti chake.

“Nilikataza,” Daktari Mkuu alikuwa akisema. “Jumanne nilikataza kwa mdomo wangu. Leo mtambo umezima, na hiki ni nini?”

“Ni birika, daktari.”

“Najua ni birika!”

“Umeuliza.”

Mtu akacheka nyuma, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

“Nililiazima, sikatai,” Mama Masjala alisema. “Sijalichomeka. Leo sijachomeka chochote. Mtu mzima mimi nalala na kiu ya chai kwa kumwogopa binti mdogo.”

“Miaka thelathini, mama, na bado unanidanganya. Jumatatu utahamia ghala la vitanda. Huko hakuna umeme wa kuharibu.”

Mama Masjala hakulia. Alianza tu kufunga kalamu zake kwa mpira, moja baada ya nyingine.

Zile kalamu ndizo zilizommaliza Fundi. Akapiga moyo konde, akapenya katikati ya manesi, akaliweka birika mezani mbele ya mwenyewe.

“Shikamoo, mama.”

Mama Masjala akaendelea kufunga kalamu.

“Daktari, si birika. Si la kwanza wala la pili. Ni mimi.”

“Wewe umefanya nini?”

“Nimeiambia seva ijiwashe upya saa mbili asubuhi. Nilikosea saa. Jumanne ni mimi, leo ni mimi. Nimegundua leo asubuhi, nimesharekebisha. Na nimekaa kimya tangu saa mbili na nusu mpaka sasa hivi, hilo nalo ni langu.”

Eksirei alimtazama kana kwamba amemwona kwenye picha yake ya mifupa, mwanga umempita kote.

Daktari Mkuu aliliweka chini birika jekundu polepole.

“Kwa hiyo nimemwita mama huyu mwongo mbele za watu.”

“Nilianza mimi Jumanne, daktari.”

“Funguo.”

Fundi akatoa funguo za chumba cha mitambo, akampa.

“Nywila yako naibadilisha. Mpaka Jumatatu hugusi chochote hapa. Nionyeshe pa kuandikia, kisha ugeuke ukutani.”

Fundi akamfungulia kwenye kompyuta ya masjala, akageuka ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Daktari Mkuu akachukua karatasi, akaandika kwanza kwa kalamu ya wino wa bluu ili asisahau.

“Herufi ishirini,” alisema. “Kubwa, ndogo, namba na alama, isiyokumbukika hata na mwenyewe. Si ndivyo ulivyotufundisha kwenye semina?”

“Ndivyo, daktari.”

“Nilikuwa nasikiliza.”

Akainakili kwenye kompyuta, akampa Mama Masjala ile karatasi. “Itunze mahali ambapo huyu hatapeleka mkono.”

Mama Masjala akaikunja mara mbili. Akaikunja tena. Akatazama kabati, akatazama droo, kisha akalivuta birika lake, akafunua kifuniko, akaidumbukiza karatasi na kufunika.

“Hapa hatathubutu tena.”

Watu wakaangua kicheko. Fundi peke yake hakucheka, na nadhani mnajua kwa nini.

Daktari Mkuu akaamuru birika jekundu lirudi kwa dobi, akatazama saa na kuondoka mbio kwenda chumba cha upasuaji. Kuna bwana alikuwa akimsubiri na kidole tumbo. Watu wakatawanyika. Eksirei akabaki akizungusha shingo, mama huku, mchumba kule.

“Nenda kapige picha zako,” mama yake alimwambia.

Akaenda.

Wakabaki wawili. Mama Masjala akaitupia jicho saa ya ukutani.

“Ungeweza kunyamaza,” Mama Masjala alisema.

“Nilijaribu, mama. Nimenyamaza saa mbili nzima.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili ni yako, mama. Ukisema nisije, siji. Ila nimekuja kukurudishia birika. Nisamehe.”

Mama Masjala alivuta pumzi puani. “Hebu hilo kosa lenyewe nilione. Nataka nijue nilichoaibikia.”

Fundi akamfungulia daftari la kijani. Mama Masjala akavaa miwani, akalalamika kwamba taa ni mbovu, akalipeleka dirishani. Fundi akamfuata. Wakainama, vichwa vikakaribiana.

“Huu hapa, mama. Mzee Koleo aliandika 8:00, mimi nikadhani...”

“Koleo hakuandika.”

“Jina lake liko juu ya jalada.”

“Jalada ni lake. Mwandiko ni wangu.” Mama Masjala aliweka kidole juu ya ile nane, yenye tumbo kubwa na kichwa kidogo. “Macho yalimwishia mapema, maskini. Miaka sita ya mwisho alikuwa anakaa pale kwenye kiti, anasema, mimi naandika. Alisema saa nane, nikaandika nane. Ulitaka niandike ngapi?”

Fundi alimkodolea macho.

“Hukuandika usiku, mama.”

“Niandike usiku kwa nini? Mtu gani mwenye akili anazima mtambo mchana, foleni ipo getini?”

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Mama Masjala, kicheko kidogo cha puani, akakizuia, kikamshinda. Fundi akadakia. Wakacheka wakishikilia dirisha, mmoja anasema “nane!” na mwingine anajibu “nane!”, mpaka machozi yakawatoka. Nyuma yao mlango ulifunguka ukafungwa taratibu. Hakuna aliyegeuka.

“Basi tumekosa wote wawili,” Mama Masjala alisema akifuta miwani. “Na hivyo viraka vyenyewe, ni lazima?”

“Mama, wewe ukisikia kitasa cha mlango wa masjala kinafunguka kwa njiti ya kiberiti, utangoja mpaka lini kukibadilisha?”

“Siku hiyo hiyo.”

“Seva ina vitasa elfu. Nimeiambia ivibadilishe yenyewe, isinisubiri nikumbuke.”

“Hilo ni jambo la maana. Ila saa ungeuliza.” Akageuza ukurasa, sasa kwa udadisi. “Haya mengine uliyaandika wapi? Hii ya kuzima kompyuta za ofisi mwisho wa wiki?”

“Yote niliyanakili Jumatatu, ukurasa mzima.”

“Ijumaa, 11:00,” Mama Masjala alisoma. “Zima kompyuta zote za ofisi, zisiwake mpaka Jumatatu. Nakumbuka hii. Saa kumi na moja jioni, watu wakishatoka.”

Kicheko kikamwishia Fundi mdomoni.

Asubuhi ile alirekebisha amri ya viraka. Hii ya pili ilikuwa kwenye faili lingine, na kwa hofu yake hakulikumbuka.

“Mama. Niliandika 11:00.”

“Kwa saa za nani?”

“Za mtambo.”

Wote wawili waligeukia ukutani. Saa tano kasoro dakika tatu.

“Masjala itafungwa,” Fundi alisema haraka. “Dirisha la dawa, maabara, vyote. Mpaka Jumatatu!”

“Na umesimamishwa nusu saa iliyopita.” Mama Masjala alikuwa ameshaelewa kuliko yeye. “Mtambo ukifa sasa hivi, nani ataamini ni nane na kumi na moja? Watasema umelipa kisasi. Hata mimi nitakayekutetea watasema umenilisha kitu.”

“Nikiingia kwa sekunde kumi tu naifuta. Nywila, mama! Ile karatasi!”

Wakaigeukia meza.

Meza ilikuwa tupu.

“Nililiweka hapa,” Mama Masjala alisema. “Hapa hapa!”

Mlango ukasukumwa kwa goti. Akaingia Eksirei, sinia mikononi, vikombe vitatu, uso umejaa furaha.

“Niliwakuta mnacheka dirishani, sikutaka kuwakatiza,” alisema. “Nikasema leo chai nachemsha mimi, na kwa birika lenyewe. Na mtambo haujazima! Mmeona?”

“Mwanangu,” Mama Masjala alisema kwa upole wa kutisha. “Kabla hujatia maji, ulichungulia ndani?”

“Nichungulie nini, mama? Birika ni birika.”

Fundi alifunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni. Chini kabisa, karatasi ilikuwa imevimba na kuwa kitonge cheupe, bila herufi hata moja. Akatazama vikombe. Maji yalikuwa na rangi ya bluu kidogo, kama nguo mpya ikisuuzwa.

“Majani nitatia sasa hivi,” Eksirei alisema. “Mbona mnanitazama hivyo?”

Saa tano kasoro dakika moja.

“Daktari anaikumbuka?” Fundi aliuliza.

“Karibu yote, labda,” Mama Masjala alijibu. “Kamgongee!”

“Taa nyekundu ya chumba cha upasuaji inawaka, mama. Amefungua tumbo la mtu!”

“Nesi agonge dirisha la upasuaji, amuulize kwa sauti. Lawama nabeba mimi. Ghala la vitanda hajalifuta bado.” Mama Masjala alikwishavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi. “Unasubiri nini, mkwe wangu? Kimbia!”

Fundi alikimbia. Alikuwa ameshafika nusu ya korido, watu wa foleni wakijibanza ukutani kumpisha, ndipo neno lile lilipomfikia. Mkwe wangu. Akageuka kutazama nyuma, akamwona mama huyo wa miaka thelathini dirishani akimfuata peku, viatu mkononi, daftari la kijani kwapani.

Na juu ya vichwa vyao, kengele ya saa tano ikaanza kulia.